Fundo Lisilo na Ncha

Harufu ya ngozi iliyolowekwa hunivuruga akili mpaka leo. Juzi nilipita kwa fundi viatu mmoja hapa Tunduma, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka, naye alikuwa ndiyo kwanza anatoa kipande cha ngozi ndani ya ndoo. Nikasimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Fundi akaniuliza, "Mama, kiatu kiko wapi?" Nikamwambia sina kiatu, nanusa tu. Alinitazama kwa huruma, wala sikumlaumu. Hebu niwaeleze ninyi, maana yeye alikuwa na wateja.

Tulikuwa tukikaa upande wa Ndalambo, katika kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Mimi nilikuwa darasa la saba, msichana wa mkono wa kushoto, tena mbishi. Baba alikuwa na maksai wawili na mkokoteni, na ndio uliosomba mahindi ya shamba la kijiji wakati wa mavuno. Nira ilifungwa kwenye mti wa mkokoteni kwa ukanda mrefu wa ngozi, mwembamba kama kidole, ulioungwa ncha kwa ncha ukawa mduara. Baba aliuunga mwenyewe. Aliloweka ngozi, akapandanisha ncha, akashona kwa uzi wa ngozi, kisha akaanika. Mshono ulikauka ukawa mgumu kama kwato, na sehemu nyingine aliipaka samli ibaki laini. "Mshono wangu haujapata kufumuliwa," alikuwa akisema, na alikuwa akisema kila siku.

Mwaka ule ukanda wa zamani ulikatika katikati ya mavuno. Baba akaketi uani kushona mpya, na mimi nikaambiwa nishike ncha zisiguse mchanga. Jirani yetu, Baba Yohana, akaja, wakaanza mazungumzo yao ya kila siku, nani kahamia, nani kagoma kuhama. Yakawa marefu hayo! Mikono yangu haijui kukaa bure. Nilikuwa nimezoea kusuka nywele za wadogo zangu, basi nikawa naviringisha ncha ile, naipitisha huku, naitokeza kule. Baba akanyoosha mkono bila kutazama, nikampa ncha, akashona.

Ukanda ulipokauka ndipo tukaliona. Fundo! Fundo la kawaida kabisa, kama lile mama analofunga kwenye pembe ya kanga, limekaa katikati ya mduara na ncha hazipo tena. Ukanda ulikuwa umepungua urefu, nira haikufika.

Baba Yohana alicheka mpaka akashika mbavu. Laiti asingecheka. Watu wengine wawili waliokuwa wakipita wakasimama kuuliza kulikoni, na Baba, mbele yao wote, akanigeukia. "Mkono uliofunga ndio utakaofungua. Mshono wangu usiguswe. Na shuleni hurudi mpaka ulifungue."

Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebaki wiki tatu.

Sikuogopa, nisiwadanganye. Kusuka nilikujua, na kufumua nilikujua. Mama alinifundisha kwamba ukitaka kufumua huanzi popote. Unaanza na ulichokifanya mwisho, unakirudisha, halafu kilichotangulia, mpaka nywele zinabaki nywele. Kila mkono wa kusuka una mkono wake wa kufumua. Nikajiambia, kazi ya asubuhi moja hii.

Asubuhi ya kwanza ikapita. Ya pili. Nikivuta hapa, fundo linahamia pale. Nikalipanua mpaka ukanda mzima ukawa fundo tupu, nikilikaza linarudi lilelile, dogo, limekaa kimya. Nikajaribu kuingiza mduara wote ndani ya fundo, nikapata kitu cha kutisha ambacho hata jina sina, na nilipokivuta, haya, fundo. Nilikuwa nasikia kengele ya shule ikigongwa ng'ambo ya bonde na machozi yananitoka. Huku Baba akifunga nira kwa kamba ya katani, ikikatika kila safari, na kila ikikatika ananitazama.

Siku ya nne nikaanza kulichora chini, nyuma ya jiko. Ukanda ulipopita juu niliendeleza mstari. Ulipopita chini ya mwenzake niliukata. Vikapatikana vipande vitatu. Ili nisichanganyikiwe nikavipa rangi: kimoja mkaa, kimoja majivu, kimoja udongo mwekundu. Kila penye makutano rangi zote tatu zilikutana. Nikausokota ukanda, nikachora upya, vipande vikawa vitano, sita. Nikapaka tena. Na hapa ndipo kichwa kilipoanza kuniuma: kila mara niliweza kupaka hivi kwamba kwenye makutano yoyote, ama zimekutana rangi zote tatu, ama ni moja peke yake. Mbili tu, hapana. Halafu nikachukua uzi wa Mama, nikauunga mduara bila fundo, nikausokota uwezavyo kusokotwa, nikauchora. Huo ulikataa rangi tatu. Kila nikijaribu kwa sheria ileile, unaishia rangi moja.

"Mama," nikasema, "huu unakubali rangi tatu, na ule haukubali. Kwa nini?"

Mama aliutazama ule uchafu wangu wa mkaa na majivu. "Mwanangu, umekula?"

Nikadhani ni mkosi. Nikadhani nina laana ya mkono wa kushoto. Nilitaka sana kusoma, nataka mjue hilo. Nililitaka kuliko chakula, na nilikuwa nakosa shule kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe.

Siku ya tisa Mama aliweka sindano ya kushonea ngozi juu ya kinu, pamoja na uzi uliolowekwa kwenye kibuyu. Akachukua ndoo akaenda mtoni, na siku hiyo alikawia kuliko siku zote. Nikaufumua mshono wa Baba, tundu kwa tundu. Nikazitoa ncha, fundo likafunguka lenyewe kama halijawahi kuwapo. Nikashona tena katika matundu yaleyale.

Jioni nikampa. "Nimelifungua, Baba."

Akaugeuza ukanda mikononi, akaugeuza tena. Kisha akatoka nao akawaita Baba Yohana na wenzake. "Njooni mwone! Binti yangu kalifungua, na mshono haukuguswa!" Alitamba nao wiki nzima. Kila alipotamba mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilirudi shule, nikafanya mtihani, nikachaguliwa kwenda sekondari, na uongo wangu nikauchukua ndani ya sanduku pamoja na nguo.

Miaka ikapita, nikafika chuo kikuu kusomea hesabu. Siku moja mhadhiri wetu, alipokuwa akitueleza nadharia ya makundi, alichora ubaoni fundo langu. Lilelile! Akachukua chaki za rangi tatu, akapaka vipande, akasema sokota utakavyo, rangi tatu zitakubali daima. Na kwa kuwa mduara mtupu hukataa, basi fundo hili halifunguki bila kukatwa. Halifunguki leo wala kesho, hata kwa mikono ya malaika. Akaendelea kueleza kwamba kila fundo lina kundi lake, yaani hesabu ya njia zote za kulizunguka, na kundi hilo halibadiliki hata uvute vipi. Sikusikia. Nilikuwa nalia, na mwenzangu wa pembeni akaniuliza kama nimefiwa.

Likizo nikarudi nyumbani. Sikungoja hata chai. Nikamwambia Baba kwamba lile fundo lilikuwa halifunguki, imethibitishwa, na kwamba nilimdanganya, nilifumua mshono wake. Nikachora chini, nikapaka mkaa, majivu na udongo. Aliangalia kwa uvumilivu mkubwa.

"Nilijua siku ileile," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mishono yangu hulalia kulia. Ule ulilalia kushoto."

Yaani alitamba wiki nzima na mshono anaoujua si wake? Mbona hakunichapa? Mbona aliwaita watu?

"Nilikuwa nimekwisha sema mbele za watu," Baba akasema. "Siku ya pili tu nilitaka urudi shule. Nilijaribu kulifungua mwenyewe, ninyi mkiwa mmelala. Likanishinda. Na neno langu nalo sikujua pa kuanzia kulifungua. Wewe ndiye uliyenifungua, mwanangu. Na ile sindano niliiacha mimi jikoni. Mama yako aliihamishia tu juu ya kinu uione."

Nikamgeukia Mama. Mama akainuka, akachukua ndoo, akaenda mtoni.