Pakanga ya Mama na Slaidi ya Pili

Mama alishuka kwenye basi akiwa na homa, kuku mmoja, na chupa ya chai isiyo na chai. Ndani yake kulikuwa na majani ya pakanga aliyoyachemsha kwake Butiama, machungu kiasi kwamba harufu yake tu ilinikunja uso. Mimi nafanya kazi ya maabara kwenye zahanati moja hapa Bunda. Alininyooshea kidole, akaagiza nipime tu, maana dawa alikuwa nayo.

Nikapima. Malaria ilikuwepo, tena ya kutosha. Nilimwekea dawa mseto mezani, akaisogeza pembeni. Tukabishana hadi ugali ukapoa. Mimi ni mwepesi wa hasira na yeye ndiye aliyenirithisha, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Alikaa kwangu siku tatu, akinywa pakanga yake asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, na alikuwa ameshafagia uwanja wangu na wa jirani.

Nikamtoa damu tena, nikaipaka kwenye slaidi, kile kioo cha kuwekea chini ya hadubini. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mdudu wa malaria akiingia kwenye chembe nyekundu ya damu huanza akiwa mdogo, umbo la pete. Huila ile chembe kutoka ndani, na chakula hicho kina madini ya chuma. Kitu kilichomo kwenye pakanga kikikutana na chuma hicho hugeuka sumu, mdudu akaungua kwa mlo wake mwenyewe kabla hajakua wala kuzaana. Chuoni nilikariri hayo kwa ajili ya mtihani. Sasa nilikuwa naona pete chache tu, zimesinyaa, kwenye damu ya mama yangu mzazi, na nilifurahi kupita kiasi.

Nilijua pia nusu ya pili ya somo. Kitu hicho hutoka mwilini baada ya saa chache, na wadudu wengine hujikunyata, wakasubiri kipite, wakaamka. Ndiyo maana kwenye vidonge huwekewa mwenzake, dawa ya pili inayokaa mwilini siku nyingi kumalizia kazi. Chai ya pakanga haina mwenzake. Lakini sikutaka kuanza ubishi upya, na basi la mama lilikuwa karibu kuondoka.

"Mama, wamekwisha," nilisema.

Wiki ya pili nikapigiwa simu kwamba hawezi kuinuka. Nilipanda basi hadi Kiabakari, nikamalizia kwa bodaboda hadi kwake, boksi la vipimo na dawa mapajani. Nilimkuta amejifunika mablanketi mawili saa saba mchana, anatetemeka. Nikampima, nikamtolea vidonge.

"Vya nini sasa?" aliuliza. "Si ulisema wamekwisha? Na mimi pakanga nakunywaga kila siku."

Ningeweza kumsingizia mbu mpya. Angekubali, na angeendelea na chai yake.

"Nilikudanganya, mama. Kwenye slaidi niliwaona. Wachache, lakini walikuwepo."

Aliomba uji, akanywa na vidonge. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake alianza kuhesabu kwa vidole.

"Nyumba tatu," alisema. "Niliwagawia majani. Nikawaambia mwanangu amehakikisha kwa mashine."

Akajifunga kitenge, bado anayumba, akakataa kabisa niende peke yangu kuwaambia ukweli. Nyumba ya kwanza walicheka, wakasema hata hivyo ile pakanga iliwashinda kwa uchungu, waliimwaga. Ya pili walitukaribisha kwa karanga za kuchemsha na wakataka niwapime wote, hata babu asiyeumwa kitu. Nikaanza kupata ujasiri.

Nyumba ya tatu, mwenye nyumba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa upole kama hilo linamhusu na mjukuu wake, maana naye alimnywesha pakanga, homa ikashuka juzi, ila leo amelala tu, hataki kunyonya.

Mtoto alipona, baada ya siku nne hospitalini. Siku zote nne nilishinda pale wodini. Kila asubuhi bibi yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kuwahi kufika, na kila mara nilitamani anitukane.