Krismasi Tuliyobaki Goba

Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye duka moja kubwa la mjini, ambako walifunga mashine mlangoni inayopuliza povu jeupe, wakaliita theluji. Watoto walikuwa wanarukaruka ndani yake huku jasho likiwatiririka. Mwanangu akaniuliza kama theluji ya kweli ndivyo ilivyo. Nikamwambia sijui, tukaondoka mapema kuliko tulivyopanga, naye akanuna njia nzima. Sikuwa na hasira naye. Nilikumbuka tu Krismasi moja ya Goba, na kila ninapoikumbuka nakosa hamu ya kuchangamka na watu.

Wewe unayeijua Goba ya leo, yenye lami na mageti ya umeme, usiifikirie hiyo. Yetu ilikuwa vilima na vumbi, nyumba nyingi zimeishia kwenye lenta, hazijaezekwa, na maji tulinunua kwa ndoo. Jirani zetu wengi walikuwa Wachaga kama sisi, walimu na makarani waliojibana mpaka wakapata kiwanja. Ikifika katikati ya Desemba walifunga mabegi, sukari na vitenge vya shangazi zao, wakaenda Ubungo alfajiri kupanda basi la kwao mlimani. Mtaa ulibaki na kuku na mbwa. Nyumba pekee iliyowaka taa ilikuwa ya jirani yetu wa Kusini, mke wa mchonga vinyago, ambaye alikuwa akitutania kwamba Wachaga hawana kwao Dar, wanakuja kutafuta tu.

Mwaka huo na sisi tulibaki. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa tangu Oktoba, miguu imevimba na pumzi inamkatika akitembea kutoka kitandani hadi barazani. Daktari alimwambia baba kwamba moyo wa mama yake hauwezi kuhimili safari ndefu. Baba akatuita sebuleni, mimi na mama, akaweka kidole mdomoni, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba bibi asiambiwe. Akiuliza tumwambie akipata nafuu tunapanda wote Krismasi. Nilikuwa na miaka kumi. Niliona ni jambo la heshima kupewa siri ya watu wazima.

Kumbe bibi alikuwa na shughuli yake. Yeye na mdogo wake walikuwa hawasemezani mwaka wa pili, tangu bibi alipotamka neno baya kuhusu mpaka wa shamba la migomba, tena akalitamka mbele za watu kwenye msiba wa mume wa huyo mdogo wake. Neno lenyewe sikuambiwa kamwe. Nilichoambiwa ni kwamba alikuwa anataka kuliondoa. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, na aliyepelekewa hawezi kukunyima msamaha. Krismasi ndiyo siku yake, maana wakubwa wote wa ukoo wapo nyumbani na wanashuhudia.

Baba alikuwa amepanda masale kwenye pembe za kiwanja chetu, kama baba yake alivyofanya kule mlimani. Bibi akanituma nimkatie jani moja. Akaliweka kwenye chupa ya maji juu ya meza ndogo karibu na kitanda, na kazi ya kubadilisha maji ikawa yangu kila asubuhi. Likianza kugeuka njano namkatia jingine. Mama alimwambia angeweza kumtuma mtu tu, asijichoshe. Bibi akasema, "Nilikosa kwa mdomo wangu, nitakwenda kwa miguu yangu." Mama akaingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Nyumba yetu ilikuwa inanukia ukwaju wakati wote. Mama aligandisha barafu za ukwaju na ubuyu kwenye friza kuukuu, akawauzia watoto wa shule, na shule zikifungwa friza lilibaki tupu, limejaa mgando mweupe kuta zote. Kazi yangu ya likizo ilikuwa kuukwangua. Pembeni ya sebule tulisimamisha tawi la msonobari kwenye ndoo ya mchanga na kulibandika pamba, kwa sababu kwenye kadi zote Krismasi ina theluji. Bibi alilicheka sana tawi lile. Alisema theluji anaifahamu, alikuwa akiitazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na siku ikiwa na mawingu hakuwa na raha mpaka mlima ufunuke. Nikamuuliza ikoje ukiigusa. Akasema hajawahi kuigusa. Huko juu wanakwenda wazungu na wapagazi, mwanamke wa migombani atafuata nini?

Basi tarehe ishirini na tatu, mchana, wakati joto limetulaza wote, nilikwangua friza nikajaza sahani ya bati, nikampelekea. Bibi akaingiza vidole vitatu. Akavitoa haraka, akavirudisha tena polepole. "Miaka yote hii naitazama," akasema, "kumbe inauma." Akajipaka kidogo kwenye paji la uso na kwenye shingo, akafumba macho. Tuliitazama ikiyeyuka mpaka ikabaki maji yenye harufu ya ukwaju. Sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa saa ile, na ndiyo maana yaliyofuata yananiuma.

Alinishika mkono akaniambia kwamba jioni atapita mzee mmoja wa kijijini kwao kuaga, anapanda kesho yake. Kama kweli safari yetu haipo, bora ampe yule mzee jani alipeleke kwa niaba yake, hata kama si kwa miguu yake, kuliko Krismasi ipite hivihivi.

"Baba yako ananizungushazungusha," akasema. "Wewe hujajua kudanganya bado. Niambie, mama yangu, tunakwenda au hatuendi?"

Naapa nilitaka kusema. Lakini nilimwona baba na kile kidole chake mdomoni, na nikamwona bibi alivyochangamka kwa theluji yangu, nikaogopa kuivunja ile furaha. Nikasema tunakwenda. Na kwa kuwa mwongo mchanga hajui kiasi, nikaongeza la kwangu mwenyewe, ambalo hakuna aliyenituma. "Baba ameshakata tiketi, bibi. Nimeziona."

Yule mzee alikuja jioni, akanywa chai, akauliza kama kuna salamu. Bibi akamwambia hakuna haja, wataonana kulekule. Akamsindikiza kwa furaha mpaka mlangoni. Baba akanitazama, hakuelewa, na mimi nikajifanya natafuta ndala zangu chini ya kochi.

Mkesha wa Krismasi baba alisema basi limeharibika. Njia ya mwongo ni fupi, na sote tulikuwa tumefika mwisho wake. Siku ya Krismasi mama alipika pilau, jirani wa Kusini akaleta sahani ya korosho za kukaanga na kukaa na bibi barazani, wakazungumza habari za kwao hadi adhuhuri. Upepo ulikuwa wa moto. Nilipokwenda kubadilisha maji ya chupa bibi aliniambia niache, hakuna haja tena. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepona.

Alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Na hapo, ndugu yangu, gari lilipatikana siku hiyohiyo, na dereva, na ruhusa kazini kwa baba, na mahema, na watu wa kusindikiza. Safari iliyokuwa haiwezekani ikawezekana kwa siku mbili. Tulipofika mlimani mawingu yalikuwa yamefunga kila kitu.

Baada ya maziko yule mdogo wake bibi alinisogelea kwenye migomba, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cheusi, akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nikilala chumba kimoja na dada yake. Nikamwamkia, nikamwambia ndiye mimi. Akaniuliza bibi alisema nini juu yake. Nikamwambia ukweli wote wa upande wa bibi, kwamba alikuwa na isale chumbani, kwamba alitaka kuja Krismasi kumwomba radhi mbele ya ukoo. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipukusa udongo uliokauka kwenye viganja vyake.

"Mimi Krismasi nilikaa pale kwake kutwa nzima," akasema. "Yule mzee alisema dada anakuja. Mbona hakuja?"

Nilisema sijui. Yeye naye hayupo siku nyingi sasa, wala baba, na ile nyumba ya Goba wanaishi watu wengine. Aliyebaki wa kumjibu ni mimi peke yangu.