Tangazo la Mafuta ya Taa

Mwaka ule wa sabini na sita Mwaisha alikuwa mhariri wa gazeti la shule yao ya sekondari pale Shinyanga mjini, msichana wa kwanza kupewa kazi hiyo, na alijiona hasa. Gazeti lenyewe lilikuwa kurasa chache zilizorudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, lakini lilisomwa mpaka sokoni.

Shida ilikuwa karatasi. Zilikuwa zimeadimika, na shule ilizibana kwa ajili ya mitihani. Ndipo Mzee Fikirini, mwenye duka karibu na stesheni, alipojitolea kuwapa karatasi na wino, nao wamtangazie bidhaa zake. Tangazo la mafuta ya taa alilitunga Mwaisha mwenyewe: "Mafuta ya Fikirini! Safi, hayana moshi, salama kwa nyumba yako." Neno salama Mzee Fikirini hakuliomba. Mwaisha aliliongeza kwa kuwa lilinogesha sentensi.

Wiki chache baadaye, Maige, kijana mpole waliyekuwa naye darasa moja, alimletea habari aliyoiandika. Koroboi ya nyumbani kwao ilikuwa imelipuka mezani. Naye hakuishia hapo. Aliulizia mtaani, akakuta na jirani yao yamempata hayo hayo, kisha akazungumza na mchukuzi wa dukani kwa Fikirini. Mchukuzi akamwambia mafuta yalimiminwa katika mapipa yaliyokuwa na petroli, na hakuna aliyeyasafisha.

Mwaisha aliisoma mara mbili. Ilikuwa habari nzuri kuliko zote walizowahi kupata, naye alilijua hilo.

"Tukiitoa hii, karatasi tutapata wapi?" aliuliza.

"Watu wataungua, Mwaisha."

"Umesikia kwa mchukuzi tu. Na kama kagombana na tajiri yake?"

"Basi twende tukamuulize Mzee mwenyewe."

"Toleo lijalo," Mwaisha akasema, akaikunja habari ile akaitia ndani ya kamusi.

Hakwenda kwa Mzee Fikirini. Hakumwonyesha hata Mwalimu Onesmo, mlezi wa gazeti, kwa kuogopa kwamba angesema itoke. Toleo likatoka na shairi, matokeo ya mpira na lile tangazo, safari hii limewekewa pambo pembeni.

Jioni alipitia kwa Mama Donatus, aliyekuwa akiuza vitumbua nje ya ua wa shule. Mama huyo hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa.

"Shikamoo, Mama Donatus."

"Marahaba, ng'wanawane. Leo mmeandika nini?" Ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma, ndivyo alivyomwita kila mara.

Mwaisha akamsomea yote, mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye tangazo ulimi ulimwia mzito kidogo, lakini akalisoma nalo, kwa sauti ile ile.

"Eti salama," Mama Donatus alisema. "Basi nitanunua huko huko."

Mwaisha angeweza kusema neno hapo. Alichukua vitumbua vyake akaondoka.

Mama Donatus aliungua alfajiri moja akiwasha koroboi ili akoroge unga. Moto ulimshika mkono wa kulia na shingo. Habari zilipofika shuleni, Maige alimtazama Mwaisha, kisha akaondoa vitabu vyake katika dawati walilokaa pamoja, akahamia nyuma.

Mwaisha alikwenda kwa Mwalimu Onesmo akilia, akamweleza yote.

"Mkuu wa shule alikukataza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mzee Fikirini je?"

"Hata hakujua kama habari ipo."

"Sisi tunahangaika watu wasitufunge mdomo," Mwalimu alisema taratibu, "wewe umejifunga mwenyewe."

Habari ya Maige ilitoka wiki ile, kwa karatasi chakavu walizogeuza upande. Mapipa yakachukuliwa na polisi, na Mzee Fikirini akaacha kutoa karatasi. Watu walimpongeza Mwaisha kwa ujasiri. Kila pongezi ilimchoma, naye hakuthubutu kuwaambia kwa nini.

Alikwenda hospitali. Mama Donatus, amefungwa bandeji mpaka kidevuni, alifurahi kumwona, akawaambia wagonjwa wenzake kwamba huyu ndiye binti aliyemfichua tajiri. Hapo Mwaisha akashindwa kuvumilia.

"Mama, nilikuwa najua. Siku ile nakusomea, nilikuwa najua."

Mama Donatus alimtazama kama aliyesikia vibaya.

"Ulikuwa unajua, ukanisomea?"

"Ndiyo, mama."

Mama hakumtukana wala hakulia. Aligeuza uso ukutani, polepole kwa sababu ya shingo, na Mwaisha akabaki amesimama mpaka muuguzi alipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Alipomaliza masomo akawa mwalimu, akapangiwa kazi Geita. Wanafunzi wake walipotaka kuanzisha gazeti la ukutani aliwakubalia, akawaacha wachague habari wenyewe. Wakati wa likizo alirudi Shinyanga kuwaona wazazi. Mama Donatus alikuwa bado anauza vitumbua, akigeuza kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukukunjuka tena. Mwaisha alimwamkia kila mara, naye aliitikia marahaba. Ila tangu hospitali hakumwita tena ng'wanawane, na Mwaisha hakuona kama ana haki ya kulidai neno hilo.