Mlango wa Wifi

Yule kijana wa Kimarekani alikuja kwetu Balangdalalu kukaa miezi mitatu, na chuo chake kilimwagiza aishi kama mtoto wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimemaliza ualimu na nangoja ajira, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia. Mama hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Yeye na jirani zake huongea Kibarabaig. Kijana naye alikuwa na Kiswahili cha darasani, kile cha kusema ningependa maji ya kunywa tafadhali. Kila neno kati yake na nyumba yetu lilipita kwanza kinywani mwangu.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amesoma muhula mmoja Ulaya, huko Uholanzi, akikaa na familia ya watu. Jioni tukiwa jikoni alitusimulia. Siku moja alifika kwa rafiki yake saa ya chakula bila taarifa, wakamwambia angoje sebuleni mpaka wamalize kula. Mama aliniuliza mara mbili kama nimetafsiri sawasawa. Kisha akauliza kama watu hao wana ng'ombe. Nikamwambia wanao wengi, tena wa maziwa. Mama akawasikitikia sana.

Kisa kingine alikisimulia bila kucheka. Jirani wa familia ile alijifungua, na yeye akaona haya kwenda, akidhani hayo ni mambo ya ndani ya watu. Zikapita wiki mbili. Kumbe kule jirani akijifungua unakwenda na zawadi, unamwona mtoto, unapewa biskuti iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za sukari. Walimnunia mpaka alipoondoka. Alisema kosa lile lilimuuma kuliko baridi yote ya huko, na kwamba hatalirudia popote.

Nilimpenda, nisiseme uongo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye hakungoja hata hiyo ya tatu. Alishika jembe mwenyewe akaingia nasi kwenye mbaazi. Kilichonichosha ni daftari lake. Kwa nini mama anabeba fimbo, kwa nini kibuyu cha maziwa kinasafishwa kwa mkaa, kwa nini baba anakula peke yake. Mwezi wa kwanza nilieleza kwa majivuno. Mwezi wa pili nikaanza kujiona kama ng'ombe mnadani, anayefunuliwa mdomo ili watu watazame meno. Mimi nilikuwa na diploma yangu, na hapa mtu wa rika langu ananiandika.

Ndipo wifi yangu, mke wa kaka, akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amepoteza wawili kabla ya huyo. Kwetu mwanaume hakanyagi mlango wa mama aliyejifungua mpaka wanawake wazee waseme basi. Kaka mwenyewe, baba wa mtoto, alilala nyumba nyingine na kumsikia mwanawe akilia kwa mbali tu. Mlango ule hauwekewi alama yoyote, maana hakuna mtu wa kwetu asiyejua.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nachambua maharage, kijana akaja na pakiti ya sukari na mche wa sabuni. Aliniuliza kama anaweza kwenda kumpongeza mama wa mtoto. Kisha akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza kama kuna mila yoyote anayopaswa kuijua. Sikuinua hata macho. Nilimjibu kwamba hakuna, hayo ni mambo ya wazee. Nilitaka tu afunge lile daftari. Nikabeba ndoo nikaenda kisimani, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Yowe la wifi lilinikuta huko huko kisimani. Niliporudi mbio, kijana alikuwa amesimama katikati ya ua, uso mwekundu, sukari bado iko mkononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa wifi na fimbo yake. Ndani mtoto alikuwa analia. Kijana aliniuliza amefanya nini, na mimi nikamwambia aende chumbani kwake akae.

Kufikia mchana habari ilikuwa imefika kila boma, nyingine kwa miguu na nyingine kwa simu. Kwetu mwanamke akikosewa katika uzazi wake, wanawake wote hukutana na kuhukumu, na hakuna mwanaume mwenye neno siku hiyo, hata mwenyekiti wa kijiji. Walipanga kukutana keshokutwa yake.

Asubuhi ya siku hiyo baba aliniita zizini. Alinieleza jambo litakavyokuwa. Kama mgeni aliambiwa akaingia kwa kiburi, wanawake watamlaani, ataondoka siku hiyo hiyo, na hakuna nyumba kutoka hapa mpaka Katesh itakayompa maji. Kama hakuambiwa, kosa ni la nyumba iliyomkaribisha, na nyumba itatoa dume jeusi la ng'ombe. Baba alikuwa na dume jeusi moja tu, na wakati anazungumza alikuwa amelishika nundu.

"Ulimwambia?" akaniuliza.

Nikasema nilimwambia. Baba akashusha pumzi, akaliachia dume likatoka na wenzake. Nilijichukia pale pale, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wanawake walikuja uwandani makundi makundi, kila mmoja na fimbo yake. Walivaa zile sketi za ngozi za heshima, hata wale ninaowajua kwa sare za kwaya ya kanisani. Mama alitoka nyumbani kwake akaenda kuketi kati yao, akawa si mama yangu tena kwa muda ule. Mbele kabisa aliketi mama mzazi wa wifi. Mimi na kijana tulisimamishwa mbele yao, mimi kama mdomo wake.

Tulipokuwa tunakwenda nilikuwa nimemweleza kila kitu, kwa mara ya kwanza bila kuficha. Aliniuliza mimi nitafanywa nini akisema hakuambiwa. Nilimjibu sijui. Nilikuwa najua kwamba mwanamke anayewageuka wanawake wenzake hapokelewi tena kama zamani, lakini hilo sikulisema.

Bibi aliyekuwa anaongoza hakupoteza muda. Nilimwamkia, hakuitikia. Akasema, "Muulize. Aliambiwa, au hakuambiwa?"

Nikatafsiri. Kijana alinitazama kidogo, kisha akatazama chini.

"Waambie niliambiwa," akasema kwa Kiingereza. "Waambie nilisahau."

Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyeelewa. Ningeigeuza sentensi ile kama ilivyokuja, dume la baba lingebaki zizini, mgeni angefunga begi lake, nami ningerudi kuketi karibu na mama. Kule Ulaya kijana huyu alikuwa ameaibika kwa kutokwenda, akajifunza kwenda. Na mimi, kwa uvivu na hasira ya bure, nikayageuza mafunzo yake kuwa dhambi. Sasa alikuwa anataka kunibebea mzigo ambao haukuwa wake. Nilimwonea aibu mpaka machozi yakanilenga.

"Anasema aliambiwa," nikasema kwa Kibarabaig. "Anadanganya ili anilinde. Aliniuliza mimi kama kuna mila, na mimi nikamwambia hakuna."

Bibi akauliza kwa nini. Nikatafuta sababu kubwa, sikuipata. Nikasema nilichoka kuulizwa. Kwa lugha ya kwetu, mbele ya mama wa wifi, sababu ile ilisikika ndogo kuliko nilivyokuwa nimeijua.

Walijitenga wakashauriana kwa muda mrefu. Waliporudi, mama mmoja alimwashiria kijana aketi, akampa maziwa kwenye kikombe. Bibi hakusema na mimi. Alimgeukia mama.

"Nyumba yako itatoa dume. Mgeni hana kosa, abaki. Lakini binti yako ameufungua mlango wetu kwa mkono wake. Nyama ni ya wanawake. Yeye atakaa na wanaume."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Dume lililetwa, baba mwenyewe akilitanguliza, na alinipita kama anavyopita nguzo. Wanawake walichoma, wakagawana, wakaimba. Kisu kilikuwa mkononi mwa mama, na niliona alivyowahesabu wenzake kwa macho, mmoja mmoja, akakata kulingana na hesabu hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa zizini pamoja na baba, kaka na yule kijana, na harufu ya nyama ilitufikia sote. Kaka ndiye pekee aliyesogea kidogo kunipa nafasi.

Kijana alimaliza miezi yake akaondoka salama. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shuleni huko Nangwa, na kila likizo narudi nyumbani. Mara nyingine kijana hunitumia ujumbe kwenye simu akimuulizia mtoto, nami humjibu ukweli, kwamba ni mzima, anatembea, anafukuza vitoto vya mbuzi. Wifi hunipokea vizuri. Hunipa chakula, huniuliza habari za shule, hunicheka ninavyovaa. Likizo iliyopita alikuwa anasonga ugali, mtoto akaanguka akalia, nikanyoosha mikono yangu miwili. Wifi aliuacha mwiko, akamwinua mwenyewe akamtia mgongoni, na unga mikononi, akaendelea kusonga.