Tarehe Iliyokataliwa Malaba

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kompyuta yoyote. Nilikuwa nimetoka nyumbani Matayos nimepiga sketi pasi mara mbili, cheti changu cha ufundi kiko ndani ya bahasha, nikijua nimeajiriwa kurekebisha mashine katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini Busia. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mzee mfupi aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka, alinipa daftari na kiti cha mbao. Akanikalisha kando ya karani aliyekuwa akiandaa fomu za malori ya kwenda Uganda.

"Leo utaangalia tu," akasema. "Andika kila kitu anachofanya, hata akipiga chafya."

Nilinuna, lakini niliandika. Jioni mzee alisoma daftari langu polepole, kisha akauliza kwa nini karani alibonyeza kitufe kimoja mara mbili kila alipomaliza fomu. Sikujua. Karani mwenyewe alicheka, akasema printa huwa inabaki na mstari wa mwisho tumboni mpaka isukumwe. Alikuwa akiisukuma hivyo tangu aajiriwe na hakuwahi kumwambia mtu.

"Watu huzoea ubovu mpaka wakausahau," Mkuu akaniambia. "Mashine haitakueleza kitu. Huyu ndiye atakueleza, ukimuuliza vizuri."

Hapo Busia nilijifunza kazi ya wakati ule. Programu yetu ya fomu iliishi kwenye skrini nyeusi yenye herufi za kijani, bila picha wala kipanya. Ukitaka kitu, unaandika amri. Kompyuta ziliunganishwa kwa kebo moja nyeusi iliyopita meza hadi meza, na kila ncha ya kebo ilivaa kofia ndogo ya chuma. Kofia ikitoka, mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, na ofisi nzima inakatika mtandao. Asubuhi moja tulitambaa chini ya meza, mimi na Mkuu na koti lake, tukiitafuta kofia hiyo. Mama aliyefagia ofisi alikuwa ameiokota na kuiweka dirishani, akidhani ni kifuniko cha manukato ya mtu. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Malaba, nikawa fundi peke yangu. Meneja wa Tawi alikuwa mama mrefu, mkali, anayependa mambo yaende. Sote tulimwita Madam. Foleni ya malori ilipita mbele ya dirisha letu, na ukifungua dirisha hilo lazima utauziwa ndizi au miwani ya jua. Niliupenda mji ule.

Kule nilikutana na mifumo ya aina mbili. Mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoongoza kompyuta yote, haukuwa mmoja kwetu na kwa wenzetu wa ofisi ya Tororo. Faili walizotutumia zilifunguka kama mstari mmoja mrefu usiokatika, kama mabehewa ya treni ya mizigo pale stesheni. Sababu ni kwamba mfumo wao ulifunga mstari kwa alama moja, na wetu ulitaka mbili. Niliandika programu ndogo ya kuongeza alama iliyokosekana. Fundi wa Tororo alipiga simu kunishukuru, nikamwambia sijafanya kitu upande wake. Akasema hata hivyo, makarani wetu wameacha kumtukana.

Sasa nieleze ile siku ninayoulizwa sana.

Kompyuta za zamani zilikuwa zimechoka, tukaletewa mpya tatu. Programu ya fomu ilikataa kufanya kazi ndani yake, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mashine ambazo hazipo tena, na aliyeiandika hakujulikana alipo. Kwa hiyo katika kila kompyuta mpya nilijenga kompyuta ya kuigiza. Hiyo ni programu inayojifanya mashine ya zamani, na ndani yake programu kuukuu inajiona iko nyumbani. Nilizifungua tarehe mosi ya mwezi. Zilienda vizuri, makarani wakafurahi, Madam akanipa mkono mbele ya watu.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, zote tatu ziligoma kwa pamoja. Ukiandika fomu, zinajibu: tarehe si sahihi.

Uwanjani kulikuwa na lori la vifaranga wa siku moja, maboksi kwa maboksi, wakipelekwa kwa mfugaji mmoja Tororo. Vibali vyote vilikuwa tayari isipokuwa fomu yetu. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Dereva, mwanamume mpole aitwaye Wafula, alikuwa amefungua pande za lori na kuwapepea kwa kipande cha katoni, akienda boksi hadi boksi. Sauti yao ilisikika mpaka ndani.

Madam alikuwa tayari na jibu. Siku iliyotangulia karani wetu Akinyi alikuwa amechomeka flashi yenye picha za harusi ya dada yake. Hivyo ni virusi, na Akinyi ndiye aliyevileta. Alimwambia aandike maelezo yake kisha aende nyumbani asubiri barua. Mimi nikaambiwa nifute kompyuta zote na kuanza upya. Nilijua kufuta kungekula siku nzima, na vifaranga hawakuwa na siku nzima.

Niliomba nusu saa. Madam akatazama uwanjani, akatazama saa yake. "Nusu saa, Nekesa," akasema. "Ikipita, unafuta."

Akinyi alikuwa ameinamia karatasi, analia bila sauti. Nilivuta kiti nikakaa kando yake, kama nilivyokalishwa Busia. Nikamwomba anionyeshe jana alifanya nini na leo amefanya nini, hatua kwa hatua. Akaandika jina la lori, mzigo, mahali unapokwenda.

"Kuna kitu umefanya leo ambacho hukufanya jana?" nikamuuliza.

"Hakuna, dada. Ni tarehe tu nimebadilisha."

Alikuwa ameandika kumi na tatu, kisha mwezi. Nilimwambia ajaribu kumi na mbili. Programu ikapokea. Kumi na tatu ikakataa. Kumi na nne ikakataa. Nikahisi masikio yakiwaka moto.

Katika mfumo ule wa zamani kuna faili la mipangilio, na ndani yake unatakiwa kuandika mstari unaotaja nchi uliyopo. Usipouandika, mfumo unahesabu mwezi kwanza na siku baadaye, kama wafanyavyo Wamarekani. Kwa hiyo kumi na tatu yetu kwake ilikuwa mwezi wa kumi na tatu, na mwezi huo haupo. Zile siku kumi na mbili za mwanzo zilipita kwa sababu kila moja inaweza pia kuwa mwezi. Fomu zilichapishwa vilevile zilivyoandikwa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, lakini ndani ya kumbukumbu siku na mwezi vilikuwa vimebadilishana nafasi. Aliyesahau mstari huo ni mimi.

Ningeweza kurekebisha kimya. Sekunde chache, mstari mmoja, na hakuna ambaye angejua. Akinyi angebaki na flashi yake na barua yake. Nakiri wazo hilo lilipita. Niliandika mstari, nikawasha upya, kumi na tatu ikakubaliwa. Kisha nikaenda kwa Madam nikiwa nimeshika fomu ya vifaranga mkononi, nikamwambia hakuna virusi, kosa ni langu, fomu za siku kumi na mbili zilizopita zimehifadhiwa na tarehe mbaya, na Akinyi ndiye aliyenisaidia kuliona kosa hilo.

Madam alisaini fomu, akaita Wafula, na tulisimama dirishani wote tukitazama lori likitoka.

"Hizo za siku kumi na mbili," akasema hatimaye, "utazirekebisha wewe mwenyewe, kwa mkono."

"Sawa, Madam."

"Na Akinyi aje hapa. Nataka kumwomba msamaha kabla sijabadilisha mawazo."

Alimwomba, mbele yetu sote, kisha akataka kuona picha za harusi. Tuliziona zote, mpaka za keki. Mchana ule Wafula alipiga simu kutoka Tororo: vifaranga walikuwa wameanza kula. Nilirekebisha zile fomu kwa wiki mbili, nikiimba.

Nimestaafu sasa, niko Matayos na kuku wangu na mihogo. Vijana huniuliza kama ninasikitika kwamba niliyoyajua yamepitwa na wakati. Sisikitiki. Kila programu ya zamani niliyoifungua iliandikwa na mtu fulani aliyekaa akafikiri, na kuifungua ni kumsikia mtu huyo akiongea tena.

Mwaka huu mjane wa mwalimu wetu wa kwaya aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe, imefungwa kwa leso. Ndani yake kulikuwa na nyimbo alizotunga katika programu ya noti ambayo mashine za leo haziifahamu. Mafundi wawili walikuwa wamemshauri aitupe. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya tatu noti zilijitokeza kwenye skrini, sauti zote nne, na wimbo mmoja ambao hata mjane hakuwahi kuusikia. Juu yake kulikuwa na jina la mjane huyo.

Kwaya iliuimba Jumapili iliyofuata. Mama yule alisimama safu ya mbele, mikono kifuani, akiusikia kwa mara ya kwanza. Ubeti wa pili ulipofika, akaanza kuimba.