Kocha Aliyekataa Kushangilia

Kocha wa besiboli aliyekuwa akifundisha vijana kule Ilemela amefariki, na Jumamosi tumemzika. Alisifiwa sana makaburini. Niliwasikiliza wasemaji nimekunja uso, maana ndio hao hao waliokuwa wakimwita mtu mwenye roho mbaya.

Roho mbaya yenyewe ilikuwa hii: kijana akiitwa na chuo cha Marekani, vile vya miaka miwili, Kocha hakutazama picha za majengo. Alifungua mtandaoni orodha ya kikosi chao, akaangalia nani anacheza nafasi ya kijana wake, yuko mwaka gani, ataondoka lini. Naikumbuka safari ya Nansio, nilipomsindikiza. Mdakaji wake hodari, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa ameitwa, na Kocha alikuta kikosi kimejaa wadakaji, wote wa mwaka wa kwanza. Chuo kingine kilikuwa bado hakijajibu. Tukapanda meli kwenda kuwaomba wazazi wasubiri, tukakuta tumechelewa. Kwetu mtu akipata safari, sherehe ya kumuaga hutangulia maswali. Sare zilishashonwa, mchungaji alishaombea.

"Kocha, watu wameshakula pilau," mama alisema kwa upole. "Nitawaambia nini?"

Baba hakuwa mpole. "Mbona wewe hukwenda huko Marekani? Acha wivu."

Kijana alikwenda, akakaa benchi mwaka mzima, ufadhili ukakatwa, akarudi. Sasa anauza vipuri Mkuyuni na glovu hataki hata kuiona. Lawama akabebeshwa Kocha, eti alimwombea mabaya. Wazazi wengine wakawaondoa watoto wao, na uwanja ukaota majani yeye akiwa hai, anauona. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Tunapenda kupiga vigelegele kuliko kuuliza, na anayetuambia tungoje tunamwona adui mpaka awe kwenye jeneza, asipoweza tena kutuharibia shughuli.

Tulipokuwa tunatawanyika, baba mmoja alinivuta pembeni. Binti yake amepata chuo ng'ambo kwa ajili ya mpira wa wavu. Akaniuliza, marehemu angesemaje? Nikamjibu aangalie kwanza kama timu ina nafasi ya kumchezesha. Akanuna.

"Kadi tumeshagawa," alisema, akanikabidhi ya kwangu.

Sitakwenda. Kama kweli tulimheshimu Kocha, tuanzie hapo: tukatae kumshangilia mtoto wa mwenzetu anapopelekwa asikohitajika.