Siku Mama Alipopika Spageti Chechelesi

Rafiki yangu, kama hujawahi kula kwa Waitaliano wa bei nafuu pale Nairobi, nakushauri uende Jumanne. Siku hiyo ukinunua pizza moja unaongezewa ya pili, na ghorofa nzima hujaa watu wa ofisi waliolegeza tai, wanafunzi wanaogawana soda, na wapenzi ambao bado wanaoneana haya kula kwa mikono. Vitambaa vya meza ni vya plastiki, vyekundu kwa vyeupe. Mkate unaletwa moto, unanukia siagi na kitunguu saumu. Sijui kama mwenye mahali penyewe ni Mwitaliano kweli; yule niliyemwona kwenye kaunta alikuwa akimgombeza mpishi kwa Kikamba.

Mimi ni mtu wa kupita. Nimeuza viatu Mombasa, nimepika kambini Lodwar, nimeishi Kitale mara mbili. Hata kwetu Isiolo, tangu serikali ya kaunti ije na lami zake na majengo yake, nafika kama mgeni, nakaa wiki chache, halafu miguu inaanza kuwasha. Siku hiyo nilikuwa Nairobi nangoja gari la jioni, njaa ikanipandisha ngazi, nikaagiza spageti. Mhudumu, mama wa makamo mwenye aproni nyeusi, akaja na kipande cha jibini akaanza kukikwaruza juu ya sahani yangu. "Ikitosha useme," akaniambia. Sikusema. Harufu ile, kali kama ya maziwa yaliyosahauliwa ndani ya kibuyu, ilikuwa imeshanishika mkono na kunirudisha Chechelesi, mtaa wetu wa Isiolo, kwenye uwanja wa nyanya yangu, nikiwa na miaka tisa.

Chechelesi ya siku hizo ilikuwa vumbi, miiba na watu waliojuana. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mabati mazee, na upepo ukivuma mchana yale mabati yalipiga kelele kama watu wanaobishana. Nyanya alikuja Isiolo akiwa msichana, na Uturkana wake, maana sisi ni Waturkana, aliuvaa shingoni: shanga zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka kidevuni. Alikuwa na mbuzi wachache na heshima kubwa kwa maziwa. Kwake chakula kilikuwa maziwa na nyama. Vingine vyote, ugali, maharagwe, githeri ya mwalimu wetu Mmeru, aliviita "vitu vya kushikilia tumbo." Asubuhi kabla ya shule nilikamua, nikaosha kibuyu, nikakifukiza kwa kijinga cha moto mpaka kikatoa harufu ya moshi mtamu. Jioni nilienda bombani na mtungi wangu wa manjano, nikapanga foleni na watoto wa Kiborana na wa Kisomali, tukitukanana kwa lugha zote tulizokuwa nazo.

Ng'ambo ya njia yetu palikuwa na hoteli ya jirani, mama wa Kisomali mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili. Unajua hoteli kwetu si mahali pa kulala. Ni benchi mbili, jiko na chai. Lakini yeye alipika pia baasto. Ndivyo Wasomali wanavyoiita spageti, na wanasema waliipata kwa Waitaliano waliowatawala zamani, wakawafukuza Waitaliano na kubaki na chakula. Aliipika ikalainika kabisa, akaimwagia mchuzi wa nyama, viazi na viungo, juu akaweka ndizi mbivu na kipande cha ndimu. Mabaki ya mchana aliyamwaga kwenye sinia moja, akapiga mfuniko kwa kijiko, na watoto wote wa njia ile tukakimbia. Tulikula kwa mkono, kila mtu upande wake, na aliyevuka mpaka alipigwa kofi. Nyanya hakuwahi kuonja. Alisema hawezi kula kitu ambacho hakina mwanzo wala mwisho.

Sasa, mama yangu alikuwa Nairobi. Alifanya kazi kwenye mkahawa wa Kiitaliano, mmoja wa ile ya watu wa kawaida, kwanza kuosha vyombo, baadaye jikoni. Alikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na mbili, na mwaka ule alikuja na habari. Hakuwa ameshusha mkoba bado alipomwambia nyanya, "Mama, nimekuja kumchukua huyu. Ataanza shule huko Januari."

Nilihisi kichwa kikiwa chepesi. Nairobi! Nilitoka mbio nikawaambia watoto wote wa bombani kwamba mimi ndio naenda, wao wabaki na mbuzi. Nilimpa rafiki yangu wa Kiborana kifungo changu cha bluu, kwa sababu mtu wa Nairobi hana haja ya kifungo.

Nyanya hakukataa. Hakukubali pia. Aliendelea kutafuna tumbaku yake, akatema pembeni, akauliza, "Huko atakula nini?"

"Mama, Nairobi kuna kila kitu."

"Kila kitu si chakula. Maziwa iko?"

"Iko ya pakiti."

"Ya mnyama gani?"

Mama akacheka, lakini nyanya hakuwa anacheka. Alisema mtoto amemlea kwa maziwa ya mbuzi anaowajua kwa sauti, na hatamtoa kwenda mahali ambapo hajaona chakula chake kwa macho. "Nionyeshe," akasema. "Pika hapa kile mnachokula huko. Nikiona kinamshibisha mtoto, nitanyamaza."

Hivyo ndivyo safari yangu ilivyowekwa juu ya mafiga matatu.

Mama alikuwa amejiandaa. Kwenye mkoba alikuwa na pakiti za spageti, kopo la nyanya zilizomenywa, majani makavu ya kunukia, na kipande cha jibini kilichofungwa kwenye karatasi, zawadi ya mpishi mkuu. Siku iliyofuata, jua likiwa katikati, aliwasha moto uwanjani, akafunga leso kiunoni, akaanza. Watu wakajaa. Jirani wa hoteli aliacha jiko lake na wateja wake, akaja na kiti chake mwenyewe, akaketi kama hakimu.

Maji yalipochemka mama akatia chumvi, akatia spageti, akaikoroga mara chache. Baada ya muda mfupi tu akaipua.

"Abaayo," jirani akaita, yaani dada yangu, "unaenda wapi na hiyo? Hiyo bado iko hai."

"Ndivyo inavyoliwa. Inatakiwa jino lihisi."

"Jino langu linahisi kutoka hapa! Rudisha kwa moto. Hiyo hata mbuzi ya mama yako itauliza swali."

Watu wakaangua kicheko. Mama akakaza uso. "Huko kwetu mpishi akiipika ikawa laini, mwenye mkahawa anaimwaga."

"Basi mwambie mwenye mkahawa aje Isiolo, tutamfundisha. Na ndizi iko wapi?"

"Hakuna ndizi."

"Hakuna ndizi!" Jirani alitazama mbinguni. "Wallahi, huyu mtoto atateseka."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na moto, moshi wote machoni, nikiomba kimoyomoyo chakula kile kipendwe. Kila neno la jirani lilinipunguzia Nairobi yangu. Nilipoona mama anamimina ule mchuzi wake mwekundu, usio na nyama hata kidogo, na nikamwona nyanya akiinua shingo kutafuta nyama, nilijua tumekwisha.

Nyanya alipewa sahani yake na uma. Uma aliuweka chini. Alichota kidogo kwa vidole, akatafuna, akatafuna tena, akameza kama mtu aliyemeza dawa kwa adabu. Ndipo mama, kwa kukata tamaa nadhani, alipochukua kile kipande cha jibini akakikwaruza kwa kisu juu ya sahani ile.

Nyanya alinusa. Akakunja uso. Akanusa tena, taratibu, macho yakiwa mbali. Akachukua chembe moja akaiweka ulimini.

"Hii ni maziwa," akasema.

"Ndiyo, mama. Imekaushwa."

"Edodo," nyanya akasema, polepole, kama anayemwita mtu jina baada ya miaka mingi. Edodo ni maziwa ambayo watu wetu huyaanika juani mpaka yawe kama mchanga, yawekwe kungojea kiangazi. Nyanya alikua kwa hayo, na tangu aje mjini hakuwa ameyaonja. Akachukua kipande kutoka mkononi mwa mama, akakigeuza, akakiuma chenyewe. "Kumbe hao Waitaliano," akasema, "na wao pia walipata ukame."

Hakuna aliyecheka safari hii. Alikula sahani yote. Alikula jibini hata ile iliyodondoka kwenye shanga. Jirani naye alikuwa ameshatuma mtoto kuleta ndizi na ndimu kutoka hotelini, akamwagia sahani yake apendavyo, akatangaza kwamba sasa ndio imekuwa chakula, na tukala wote, mama akiruhusu hata mikono. Nyanya akajifuta mdomo, akamwambia mama, "Ejok. Ni nzuri. Mtoto hatakufa njaa."

Niliruka juu. Niliruka mara ya pili, na nikiwa bado hewani nikamsikia nyanya akiuliza swali lingine, kwa sauti ile ile ya kawaida, huku akikusanya sahani.

"Na atakula na nani?"

"Na mimi," mama akajibu.

"Jioni?"

"Jioni ndio wateja huwa wengi, mama."

"Asubuhi?"

"Naamka mapema. Nitakuwa nimemwachia chai."

"Jumapili basi."

Mama alikuwa anaangalia sufuria. "Jumapili tunajaa kabisa," akasema. "Watu wanaleta watoto wao."

Moto ulilia kidogo. Nyanya aliketi tena, karibu naye. "Na wewe unakulanga na nani huko?"

"Nakula nimesimama," mama akasema. "Jikoni. Wakati sahani zinarudi."

Nilidhani nyanya atamgombeza, au atajisifu kwamba alijua. Hakufanya hivyo. Na jirani alimenya ndizi iliyobaki, akaivunja, nusu akampa mama mkononi. Mama aliila pole pole, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Halafu alinivuta nikaketi mapajani mwake, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu ilikuwa inagusa chini, akasema sikioni mwangu, "Utabaki na nyanya." Hakuna aliyemlazimisha. Nyanya alikuwa ameshanitoa. Ni mama aliyenirudisha.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Sikuelewa. Nilikuwa nimeona chakula kimeshinda, na bado nimeshindwa. Rafiki yangu wa Kiborana alikuja kunirudishia kifungo, nikamkatalia.

Mama aliondoka asubuhi ya siku ya mnada. Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe na ngamia wakiteremshwa sokoni, kengele zao zikisikika hata nyumbani. Kwetu mtu hatoki hivi hivi kwenda safari. Mkubwa wake humtemea mate kidogo, mate ya baraka, na kumtajia Akuj, Mungu wetu, njia nzima anayokwenda. Lakini miaka yote ile mama alikuwa mtu wa haraka, wa gari linaniacha, na alishaanza kuyaonea haya mambo hayo. Alikuwa akiondoka na kupunga mkono tu. Asubuhi hiyo aliweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la Nairobi, akainua uso. Nyanya alimtemea paji la uso na mashavu yote mawili, akasema maneno mengi, mengine siyajui hata leo. Nilisikia tu akiomba kwamba huko aendako mtu amwambie karibu, keti.

Sasa hakuna aliyebaki kati ya wale wanawake watatu. Nyanya alilala nikiwa kidato cha pili. Mama alikuja kupata mkahawa wake mwenyewe, mdogo, meza chache, na mara nyingi nilimkuta ameketi na wateja anakula nao. Kisha moyo ukamchoka mapema. Jirani alihamia kwa watoto wake, sijui wapi, na pale hoteli yake ilipokuwa pana jengo la ghorofa lenye vioo vya bluu. Chini kuna duka la simu. Juu wanauza pizza. Nilipanda mwaka jana nikaona kila mtoto ana sahani yake, hakuna aliyepigwa kofi. Mbuzi wameondolewa, mafiga yamekuwa meko ya gesi, na mtu akienda safari anatuma ujumbe akiwa ameshafika Nanyuki.

Mimi pia huondoka hivyo. Sijui wewe, lakini miji yote niliyoihama niliihama bila mtu kunishika. Huwa nafunga mkoba, nasimama mlangoni kidogo, bila sababu, uso wangu juu, kama mama asubuhi ile.